Kete, karata au kibanda: mchezo upi ununue Port Bell

Anayenunua mchezo hutazama bei kwanza, kisha huuliza kama unakula umeme. Swali linaloamua hasa kama pesa yake itadumu huja baadaye, tena kwa kuchelewa: hadithi ya mchezo huu inatoka wapi? Kila mchezo una kanuni, yaani nani anacheza lini, kipi kinakula kipi, mtu anashindaje. Na kila mchezo una kisa kinachomfanya mtu atake kujua kitakachofuata. Kuna michezo ambayo kisa chake kimeandikwa na mtu mwingine na kufungiwa ndani, ukikimaliza umekimaliza. Kuna ambayo kanuni zenyewe huzaa kisa kipya kila watu wawili wanapoketi. Na kuna ambayo kisa ni rangi tu iliyopakwa juu ya mashine ya kukusanya pesa. Bei ya dukani haikuambii umeshika upi.

Port Bell panafaa kwa hesabu hii kwa sababu ni mahali pa kungoja. Bandari imepewa jina la Hesketh Bell, Mwingereza aliyekabidhiwa Uganda mwaka 1906, na tangu enzi hizo kazi yake kubwa ni kupokezana mizigo. Reli inashuka kutoka Kampala hadi gatini, mabehewa yanaingizwa melini kuvuka ziwa, malori yanaingia na kutoka kwenye kiwanda cha bia kilichoanzishwa 1946, na kati ya karatasi moja na mhuri unaofuata mtu anaweza kukaa nusu siku. Baharia wa Mwanza, mpakiaji wa Luzira na dereva aliyetoka Busia hawana lugha moja ya mama. Wana Kiswahili, na wana karata.

Katika hesabu zote hapa dola moja nimeifanya shilingi 3,600 za Uganda. Bei za kibanda na za fundi ni za kupatana, kwa hiyo penye neno “tuseme” weka tarakimu ya mtaani kwako.

Kibanda cha gemu

PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020 iliuzwa dola 499, yaani karibu shilingi 1,800,000, kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji wa mjini. Ongeza mchezo mmoja mpya wa dola 70, shilingi 252,000. Umeshavuka milioni mbili na hujagusa televisheni wala tokeni ya umeme ya Yaka. Sasa tuseme mechi moja ya mpira kibandani ni shilingi 500. Milioni mbili ni mechi 4,000, na kijana wa mechi mbili kwa siku atazimaliza baada ya miaka mitano na nusu hivi. Kwa mtu mmoja hapo hakuna ubishi: akacheze kibandani. Mashine inunuliwe na mwenye kibanda.

Lakini angalia kibanda hakiuzi nini. The Last of Us, mchezo wa mwaka 2013 unaosifiwa sana kwa hadithi yake, unamtaka mchezaji akae kama saa 15, akumbuke alipoishia jana, anyamaze pale wahusika wanapozungumza. Nani atalipia kunyamaza kwa bei ya mechi, huku benchi nzima nyuma yake inasubiri zamu? Kipimo cha malipo kimeshachagua aina ya hadithi. Kinachobaki ni mchezo wa dakika chache wenye mshindi na mshinde, na huo ni mpira.

Mpira wa kwenye mashine hauna hadithi yake wenyewe. Unaiazima. Shabiki wa Arsenal anaingia na kidonda cha Jumamosi, wa Manchester United anaingia na chake, na mechi ya dakika nane inageuka kisasi. Pale ambapo utaratibu ni aliyefungwa alipe na anyanyuke, mshindi abaki, kisa kingine kinazaliwa benchini: nani atamtoa huyu ambaye hajalipa tangu mchana? Hiyo kanuni haikuandikwa na kampuni yoyote. Mwenye kibanda ameiweka kulinda mapato yake, na kwa kufanya hivyo amebuni mchezo juu ya mchezo. Anayengoja zamu anautazama bure. Kwa thamani ya pesa, benchi ndilo kiti bora zaidi mle ndani.

Simu, na neno “bure”

Michezo mingi ya simu haina bei ya kuingilia, na hapo ndipo watu wanapochunwa. Chukua Candy Crush Saga, uliotolewa na kampuni ya King mwaka 2012. Una maisha matano; ukikosea unapoteza moja, na kila moja hurudi baada ya nusu saa. Yakiisha yote utangoje saa mbili na nusu ili yajae, au ulipe. Kisa cha juu ni cha peremende na wanyama wenye shida za kutatuliwa. Kisa cha chini, kile cha kanuni, kinasema kitu kimoja: kungoja kunauma, na dawa tunayo. Kumwuzia dawa ya kungoja mtu ambaye tayari anangoja meli ni biashara nzuri sana, kwa muuzaji.

Mbunifu wa Kanada, Clint Hocking, aliandika mwaka 2007 juu ya mchezo wa BioShock akilalamika kwamba hadithi yake na kanuni zake zinavutana: moja inakuambia jambo, nyingine inakufundisha kinyume chake. Yeye alikuwa anazungumzia sanaa. Kwa mnunuzi, lalamiko hilohilo ni kipimo cha bei. Mchezo unaokuambia “okoa kijiji” huku kitufe kikubwa kuliko vyote ni cha kununua vito, umeshakuonyesha nani anaokolewa.

Usisahau bando. Serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii Julai 2018, kisha Julai 2021 ikaiondoa na kuweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. VAT ya asilimia 18 iko palepale. Kwa hiyo tangazo la video linaloingia katikati ya mchezo wa “bure” umelilipia wewe, pamoja na kodi yake.

Na Aviator? Wengi watasema huo ni kamari, si mchezo, na sheria inakubaliana nao: kwa sheria ya mwaka 2016, Uganda hairuhusu mtu chini ya miaka 25 kucheza kamari. Nauweka hapa kwa sababu unashindana kwa noti ileile ya 1,000 na kwa dakika zilezile za kungoja. Kampuni ya Spribe iliutoa 2019. Ndege nyekundu inapaa, namba inapanda, unatoka kabla haijatoweka. Kwa ubunifu ni kazi safi mno: kitufe kimoja, picha moja, na kisa kimoja kisichochakaa, cha “ningetoka sekunde moja kabla.” Ondoa ndege, ibaki namba inayopanda na kukatika, uone kama utakaa dakika tano. Kampuni yenyewe husema mchezo hurudisha asilimia 97 ya dau. Inasikika kama ukarimu. Ukiweka 1,000 kwa raundi 100, raundi zisizokula hata jioni moja, wastani wa hasara yako ni shilingi 3,000. Jioni mbili hizo ni pakiti ya karata, na anayerudisha mezani kila anachoshinda atazipita raundi 100 bila kujua.

Mchezo wa simu unaostahili kulipiwa

Ukitaka kulipia hadithi iliyoandikwa, lipa mara moja tu, na ninaoupendekeza kwa mtu wa bandarini ni Papers, Please wa Lucas Pope. Ulitoka 2013 kwa kompyuta, ukaja kwenye simu 2022 kwa dola 4.99, karibu shilingi 18,000. Wewe ni afisa uhamiaji kwenye mpaka wa nchi ya kubuni, mwaka 1982. Una meza, mihuri miwili na foleni. Mtu anasukuma pasi yake chini ya kioo. Unalinganisha picha na sura, tarehe na kalenda, jina na kibali, kisha unagonga muhuri. Unalipwa kwa kila uliyemshughulikia sawasawa. Jioni unagawa mshahara: kodi ya nyumba, chakula, joto, dawa ya mtoto. Hautoshi.

Siku za mwanzo tu anapita mwanamume mwenye karatasi kamili, anakuomba umfanyie wema mke wake anayemfuata. Mke anafika. Hana kibali cha kuingia. Hakuna hotuba, hakuna muziki wa kukuliza. Kuna kidole chako juu ya muhuri, na hesabu ya onyo utakalopewa ukimpitisha. Kanuni ndiyo iliyosimulia. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye dirisha la uhamiaji akitazama mkono wa afisa ataelewa bila maelekezo, na safari hii ataelewa na uchovu wa upande wa pili wa kioo. Mchezo una miisho 20. Gawanya 18,000 kwa hiyo, kila mwisho ni shilingi 900. Kasoro zake kwa mnunuzi wa hapa ni mbili: maandishi ni mengi na si ya Kiswahili, na utahitaji kadi inayokubalika mtandaoni.

Kuna mfano wa karibu zaidi wa kanuni na kisa kushikana mikono. Lual Mayen, mtoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini, alikulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, ambazo ni zaidi ya milioni moja kwa hesabu yetu, na yeye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Alijifundisha kutengeneza michezo, akatunga Salaam, na mwaka 2018 akatuzwa kwenye The Game Awards. Katika toleo alilolibuni akiwa Marekani, mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita. Akiishiwa maji au chakula, analipia kwa pesa halisi, na pesa hiyo imepangiwa kwenda kwa mashirika yanayosaidia wakimbizi wa kweli. Utazame pembeni ya ule wa peremende. Kitendo ni kimoja: umeishiwa, lipa uendelee. Kwenye peremende kulipa kunakuondoa kwenye kisa, kwenye Salaam kunakuingiza ndani zaidi.

Noti ya 5,000

Sasa tushuke hadi mezani. Kwa noti ya 5,000 utapata pakiti ya karata, na kwenye soko la Kikuubo mjini, ukinunua kwa jumla, hata chini ya hapo. Mchezo wenyewe ni matatu, ambao hapa unachezwa kuanzia gatini hadi chuo kikuu. Kola Studios ya Kampala iliuweka hadi kwenye simu miaka ya 2010 ilipokuwa inaanza.

Kila mtu anapewa karata saba. Karata moja inafunuliwa na kulazwa chini ya kifungu, sura juu: hiyo ni karata ya kukata. Unafuata aina au namba. Ukitupa 2, mwenzako anaokota mbili. Ukitupa 8 au Jeki, anarukwa. Ukitupa Esi, unaagiza aina unayoitaka. Mpaka hapo ni mchezo wa kawaida, una binamu dunia nzima. Uganda imeongeza kitu kimoja, na ndicho kilichougeuza kuwa hadithi: mwenye 7 ya aina ya ile karata ya kukata anaweza kuitupa na kuumaliza mchezo papo hapo, hata kama mikono bado imejaa. Kila mtu anafunua, pointi zinahesabiwa, mwenye chache anashinda.

Tazama kinachotokea mkononi. Karata ya kukata ni kopa. Umeshika 2 mbili na Esi, silaha tupu. Mwenzako ana karata tano, wewe tatu, watazamaji wameshakutangaza mshindi. Lakini kwa hesabu inayotumika sana, 2 ni pointi 20 na Esi ni 15. Una pointi 55 za silaha. Yeye ana tano ndogondogo, pamoja na 7 ya kopa aliyoificha tangu mwanzo, na uso wa mtu anayefikiria chakula cha jioni. Anakata. Zinabaki karata nne, 3, 4, 5 na 6, jumla 18. Kila silaha uliyoichelewesha imegeuka deni. Hakuna mwandishi aliyetunga kisa cha tajiri aliyekufa na mali yake asiyoitumia; kimetokana na karata moja iliyolazwa chini ya kifungu, na kesho kitatokea tena na watu wengine.

Kwa gharama hakuna unaoukaribia. Pakiti ya 5,000 ikidumu miezi miwili mikononi mwa watu wanne wanaocheza kila siku, ni kama shilingi 20 kwa mtu kwa siku. Adui wake ni jasho na bia iliyomwagika. Nunua zilizopakwa plastiki ukiweza. Za karatasi tupu hukunjika pembe, na ile 7 ikishapata alama mgongoni kisa kimekufa.

Ludo nitaupitia haraka. Uingereza iliusajili mwishoni mwa karne ya 19 kutoka kwenye mchezo wa kale wa India, na Kampala imeuchukua kana kwamba ni wake. Nguvu yake yote ni kanuni moja: aliyefikiwa anarudishwa nyumbani aanze upya. Wa karatasi ngumu ni wa bei ndogo na mara nyingi nyuma una nyoka na ngazi, mchezo ambao dadu hucheza na wewe unasogeza tu. Watoto wa miaka mitano watauthamini kuliko wewe. Ubao wa mbao wenye kioo unagharimu mara kadhaa, lakini kama ni wa kuweka dukani au barazani ununue huo, kwa kuwa wa karatasi hautamaliza msimu wa mvua. Monopoly usinunue kwa ajili ya bandari. Una vipande vingi vya kupotea, na hakuna meli itakayongoja umalizike. (Elizabeth Magie, aliyesajili mchezo wa asili mwaka 1904, alitaka kuonyesha ubaya wa kuhodhi ardhi; kanuni nyingine alizoweka pembeni, za kugawana, ndizo zilizotupwa, na somo likageuka sherehe ya kuhodhi.)

Mashimo 32

Omweso, mchezo wa kete na mashimo, ndio ununuzi mgumu kuuamulia, kwa sababu unaweza kuwa wa bure kabisa au ghali kuliko vyote vya mezani. Wa bure unachimbwa ardhini: safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64. Wa ghali uko kwenye vibanda vya sanaa nyuma ya ukumbi wa Taifa wa maonyesho, umeng’arishwa, na bei yake hupanda kwa lafudhi ya anayeuliza. Katikati yuko fundi seremala. Tuseme anaanza na 60,000. Ni pakiti 12 za karata, yaani miaka miwili ya matatu kwa hesabu yetu ya juu. Ubao ukitunzwa utarithiwa.

Je, hadithi yake inastahili tofauti hiyo? Nasema ndiyo, ila kwa mwenye mpinzani wa kudumu. Omweso hauna bahati hata chembe. Kila mmoja anapanga kete zake 32 upande wake apendavyo, na mpangilio huo tayari ni maneno: huyu amekuja kuvamia, huyu amekuja kunichosha. Unamwaga moja moja kuzunguka. Ukiishia kwenye shimo la safu ya ndani lenye kete, na mashimo yote mawili ya mwenzako yaliyo mbele yake yana kete, unazikomba zote na kuzimwaga tena kuanzia pale ulipoanzia mzunguko huo. Yaani mali ya mwenzako inakuwa miguu yako. Mtu aliyekuwa anapumua vizuri anaweza kukombwa mara nne kwa zamu moja, naye amekaa kimya kwa sababu kanuni haimpi la kufanya. Hushindwi kwa kuishiwa kete; unashindwa kwa kukosa pa kuzisogeza. Na kuna ushindi wa emitwe ebiri, wa kumkata ncha zote mbili za safu kwa zamu moja, ambao mtaani husimuliwa wiki nzima.

Hapa ndipo mabaharia wanapokuongezea thamani bila kulipwa. Ubao huohuo wa mashimo 32 na kete 64 unacheza bao la Kiswahili, na hadithi inabadilika kabisa. Bao linaanza na kete kumi kumi tu ubaoni, 22 zikiwa ghalani kwa kila mmoja, na unaziingiza moja moja katika awamu ya namua kabla ya kufika awamu ya mtaji. Una nyumba, shimo lenye kete sita mwanzoni, inayonenepa mbele ya macho ya mwenzako. Uiache ilale ikue, au uivunje mapema kabla haijaliwa? Omweso unaanza na majeshi yaliyokwisha kupangwa, bao linaanza na familia inayojenga. Mganda na mtu wa Mwanza wakikaa ubao mmoja itabidi kwanza wakubaliane wanasimulia kipi.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, agiza ubao wa bao, ule wenye shimo la mraba la nyumba, la tano kutoka kushoto kwenye safu ya mbele ya kila mchezaji. Omweso utachezwa juu yake bila shida yoyote, na umepata michezo miwili kwa bei moja. Angalia kina. Mashimo ya mapambo hubeba kete kumi tu kisha zinamwagika, ilhali nyumba iliyonenepa na shimo la omweso lililoachwa makusudi huhitaji zaidi ya hapo.

“Mzee, haya mashimo si mafupi?”

“Ssebo, ubao ni mwembamba. Ukitaka marefu, leta mbao ya inchi mbili, ongeza kumi.”

Ongeza hiyo elfu kumi. Kisha hesabu kete kabla ya kuondoka, na uchukue za akiba: zikipungua 64 hata moja, mchezo wenu wa kwanza utakuwa wa kumtafuta mwizi.